Kiti cha Hubert

Mwezi wa tano mwaka 1953, Jumanne moja baada ya mvua ya saa nane, Gustave alikuwa amekaa barazani kwake Nyabiondo akitoboa vishimo kwa mwiba wa mlimau kwenye ubavu wa ndege ya mti. Ndege yenyewe haikutimia shubiri. Vishimo vilikuwa ribiti, yaani vichwa vya misumari ya kuunganishia mabati. Kwenye picha, mstari wa chini ya bawa ulikuwa na ribiti arobaini na tatu, na Gustave alikuwa amefika ya ishirini na nane. Dada yake Euphrasie alikaa kwenye kizingiti akipukuchua maharagwe bila kusema kitu, kwa sababu mtu anayehesabu hasemeshwi.

Ndege ilikuwa ya Bwana Ajenti. Huyo alikuwa Mbelgiji mwembamba mwenye mafua ya mwaka mzima, aliyewekwa na serikali kwenye posti ndogo kilima cha pili kutoka hapo. Mdogo wake alikuwa rubani wa ndege za vita huko kwao, na miaka miwili iliyopita aliingia kwenye ukungu juu ya bahari asitoke tena. Tangu hapo Ajenti alikuwa akiagiza magazeti yenye michoro ya ndege hiyohiyo: kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka mbele, kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili. Alipoona viti alivyochonga Gustave, na mivure yake, yaani ile mitumbwi ya kukamulia ndizi za pombe ya kasiksi, alimletea michoro na kumwambia anataka ndege ile, lakini iwe sawa. Hakueleza sawa na nini.

Gustave aliuliza pangaboi iko wapi.

"Hapana pangaboi," alisema Ajenti. "Hii iko jeti. Inakunywa hewa mbele, inatema nyuma, njo inaenda."

Gustave hakuona ajabu. Alimjua katekista mmoja aliyeendesha maisha yake yote kwa njia hiyo.

Alichonga mwili wa ndege kwa mti mwepesi mweupe, akaulainisha kwa majani ya msasa, akaziba nyufa kwa jivu lililochanganywa na utomvu. Rangi ya fedha ilitoka kwenye kopo la rangi ya paa la ofisi. Mistari ya mabati aliichora kwa waya wa mwavuli, na zile nembo za mviringo, nyeusi, njano na nyekundu, kwa nywele za mbuzi zilizofungwa kwenye kijiti. Kifuniko cha rubani alikikata kutoka filamu ya picha iliyooshwa kwa maji ya moto hadi watu wote wakatoka ndani yake. Kisha Ajenti alimwagiza aichafue: masizi ya taa nyuma ya injini, mafuta kidogo chini ya tumbo, kwa kuwa ndege safi ni ya dukani na ya kazi huchafuka. Jambo hilo lilimuudhi Gustave, aliyelelewa na mama msafi, lakini aliichafua.

Kilibaki kiti cha rubani. Kwenye michoro hakikuonekana vizuri, kwa hiyo Gustave alichonga kiti alichokijua, cha mviringo, cha mwenye nyumba, kidogo kuliko ukucha. Katika ukoo wake kiti hakihesabiwi kuwa kimekwisha mpaka mchongaji, anapotoa kibanzi cha mwisho, ataje jina la atakayekikalia. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Ajenti hakuwa amemwambia jina la rubani yeyote. Kibanzi cha mwisho kilitoka jua likiwa limegusa kilima, Euphrasie bado anapukuchua, na katika nyumba ile kulikuwa na jina moja tu lililokaa saa zote. Gustave alisema, "Hubert," akapuliza vumbi, akaenda kula.

Hubert alikuwa mume wa Euphrasie. Mwaka 1944, askari walipozunguka vilima kuwatafuta watu wa Kitawala, dini iliyopigwa marufuku na serikali, yeye alikuwa amempa msafiri mmoja viazi na mahali pa kulala. Msafiri alikuwa amekwisha kuondoka. Hubert alikuwa bado yupo. Alipandishwa kwenye kamyo, lori la askari, pamoja na wanaume wengine kumi na mmoja, miezi minne baada ya ndoa. Karatasi ilisema amepelekwa mbali, na kwamba haruhusiwi kukanyaga tena ardhi ya Masisi, wilaya yote ya kwao, mpaka apewe kibali. Barua haikuja hata moja.

Alimwachia Euphrasie shamba lililo mgongoni mwa kilima, tambarare kabisa, na tambarare ni kitu adimu huko. Mkoloni mmoja wa pareto alilitaka. Alikuwa amekwisha kuchukua vilima viwili vya jirani, ambavyo kwenye karatasi viliandikwa kuwa ardhi isiyo na watu, ingawa watu walikuwa wamesimama juu yake wakati wa kuandika. Karani wa posti aliitwa Édouard, kijana wa kutoka Shasha aliyesomeshwa na mapadri na aliyeipenda sheria kama wenzake walivyopenda mpira. Yeye alikuwa amemwambia Euphrasie kwamba maadamu analima kila msimu, shamba si tupu. Basi Euphrasie alilima kila msimu, peke yake, miaka tisa. Alitaka mambo mawili tu duniani: Hubert arudi, na akirudi akute mahali pake pa kuweka mguu.

Asubuhi Hubert alikuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa mdogo kama punje ya haragwe, amevaa ile shati ya mistari aliyochukuliwa nayo, na mikono ameiweka magotini kama mtu anayengoja zamu. Gustave alimtuma jirani kumwita dada yake shambani. Euphrasie alitua jembe, akanawa mikono, akaja. Alifunua kifuniko cha filamu na kuinua ndege hadi sikioni.

"Hubert, uko muzima ao ulikufa?"

"Hawakutuambiaka," alisema Hubert. Sauti yake ilitoka kama ya nyuki aliyeingia ndani ya ua la boga.

"Kule munafanya nini?"

"Tunalima barabara. Haifikake."

Euphrasie alilia, kisha akaenda kukaanga haragwe moja. Hubert alikula chembe yake na kusema chumvi imezidi kidogo, na hapo Euphrasie alijua hakika kwamba ni yeye.

Ndege hata hivyo ilikuwa ya mwenyewe, na Jumamosi Gustave aliipeleka posti. Ajenti aliitazama kwa kioo cha kukuzia, ribiti kwa ribiti, akafika kwenye kiti na kukiangalia muda mrefu.

"Haiko yeye," alisema.

Gustave alitambua kosa lake. Aliomba radhi, akamwambia ataje jina la mdogo wake naye atachonga kiti kingine siku hiyohiyo. Ajenti alipenga kamasi na kutazama dirishani, kule kwenye vilima vya pareto.

"Hapana," alisema. "Ataniuliza ninafanya nini huku."

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, alimwita Édouard alete daftari la watu waliohamishwa. Jina la Hubert lilikuwemo. Édouard alisoma sheria kwa sauti, akairudia kimyakimya huku midomo inacheza.

"Bwana, sheria inasema kukanyaga," alisema. "Huyu hajakanyaga. Iko mu ndege."

Ajenti alikubali. Hubert angeweza kukaa ndani ya mipaka ya Masisi maadamu hashuki. Ndege iliwekwa dirishani, na Euphrasie alikuja kila siku ya soko kuiweka sikioni. Mara nyingine, Ajenti akipiga chafya, ndege ilinyanyuka mezani, ikazunguka taa mara mbili au tatu kwa mvumo mwembamba, ikarudi pale pale. Wenye kesi waliongoja benchini waliinamisha vichwa kuipisha, wakaendelea kungoja.

Édouard aliandika ombi la kibali. Ombi lilitaka dole gumba la mhusika. Hubert alichovya gumba kwenye wino uliowekwa juu ya ncha ya sindano, akabonyeza mahali palipoonyeshwa. Karatasi ilikwenda ofisi ya juu na kurudi baada ya miezi mitano. Ilisema alama ya kidole haisomeki, inafanana na nukta. Mhusika alete kidole cha kipimo cha kawaida.

Euphrasie alisomewa mara mbili. Alirudi Nyabiondo kwa miguu na kumkuta kaka yake anachonga muvure.

"Kaka, ile ndege, unaweza kuchonga yenye hawajapunguza?"

Gustave aliweka patasi chini. "Mara sabini na mbili?"

"Njo hivyo."

Hakuuliza mengine. Alihesabu maharagwe sabini na mawili, akayatia kwenye kopo la siagi. Kila sehemu ya mchoro angeipima kwa uzi, kisha angeuhamisha ule uzi juu ya mti, haragwe kwa haragwe, mpaka kopo liishe. Mti wa kutosha mwili wa ndege haukuwepo tena Masisi, kwa hiyo waliteremka kwenda msituni Walikale, siku nne, Euphrasie amebeba unga na Gustave amebeba vyuma.

Kule mti ulikuwa chini ya uangalizi wa mtu aitwaye Léopold, mwindaji na mkulima wa ndizi, Mkristo wa Jumapili zote aliyeshika pia mambo ya wazee wake. Aliwapeleka kwenye shina ambalo watu watano wasingelikumbatia. Alifanya ishara ya msalaba, akatia kasiksi mdomoni na kuipulizia kwenye mizizi.

"Iambie kwenye inaenda," alimwambia Gustave. "Muti haipendake kubebwa bila kujua."

Gustave aliuambia mti kwamba unakwenda Nyabiondo, kwenye shamba la Hubert. Léopold alitikisa kichwa kukubali. Shina lilianguka kesho yake bila kuvunja chochote.

Kazi ilichukua miezi kumi na sita. Mwili wa ndege Gustave aliukomba kama muvure, ndiyo maana kwa ndani ulifanana na muvure mkubwa kuliko yote. Injini mbili alizikomba kama ngoma zisizowambwa ngozi. Ribiti zote alizitoboa kwa patasi, hata zile za chini ya tumbo ambazo hakuna ambaye angeziona, na kwa rangi alipaka jivu jeupe. Masizi hayakuwa taabu. Aliwasha moto chini ya injini, moshi ukafanya kazi yake. Filamu ya kutosha kifuniko haikuwepo duniani, kwa hiyo ndege ilibaki bila kifuniko. Euphrasie alipanda Nyabiondo kila msimu kulima na kupanda, akateremka tena na chakula. Alikonda mpaka Léopold akaacha kumtania.

Mwisho Gustave alichonga kiti, mara hii cha kukaliwa na makalio ya kweli, akatoa kibanzi cha mwisho na kuita jina. Asubuhi Hubert alikuwa humo, mtu mzima, shati ileile ya mistari. Siku hiyohiyo kule posti kiti cha ndege ndogo kilikutwa kitupu, na Édouard aliandika saa.

Euphrasie alikuwa njiani, siku moja kutoka hapo. Gustave alitaka wamngoje, lakini ndege ilikuwa imekwisha kuanza kunywa hewa, na Hubert hakujua jinsi ya kuikataza. Ilipita kati ya miti kama mtu anayepenya sokoni, ikapanda. Ilifika Nyabiondo kwa muda wa kumenya chungu kimoja cha muhogo. Watu walitoka kuuliza kama imeleta chumvi. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kutua, na Hubert alipafahamu. Alitua katikati ya maharagwe yaliyokuwa yametoa maua.

Euphrasie aliusikia mvumo ukimpita juu ya kichwa na akageuka papo hapo. Alifika siku ya tatu, mvua inanyesha. Majirani walikuwa wamemfunika Hubert kwa majani ya mgomba na kumwekea ngazi ubavuni. Alipanda, akafunua majani. Euphrasie alikuwa sasa na miaka thelathini na miwili, na yeye Hubert alikuwa bado na ile ishirini na mitano ya siku ya kamyo. Alimshika mkono, akaushika tu, mvua ikawalowesha wote wawili.

"Nilisahauka kama mikono yako iko na moto," alisema Euphrasie.

"Nishuke?"

"Bado. Tungoje karatasi."

Ndivyo walivyokuwa watu wa huko baada ya ile kamyo, walingoja karatasi. Na kweli, Hubert aliwahi kupandishwa kwenye kamyo kwa sababu ya viazi, sembuse kwa kukanyaga. Édouard alikuja na wino, akachukua dole gumba. Mistari yote ilionekana, hata kovu la panga. Ombi likaondoka tena.

Likiwa njiani, alipita mzungu wa mambo ya ardhi, akifuatana na yule mkoloni wa pareto. Alisimama pembeni mwa shamba, akatazama ndege, akatazama maharagwe yaliyolala chini ya mabawa na magugu yaliyokuwa yameanza kuyapita kimo. Aliuliza kama ndege imetua hapo kwa hiari. Akaambiwa ndiyo. Akaandika. Mahali ambapo ndege imetua na kusimama ni kiwanja cha ndege, na kiwanja cha ndege ni mali ya serikali. Mkoloni alikasirika kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na hakika ya kulipata. Mwezi uliofuata aliletwa askari mmoja kulinda, jina lake Sebahire, pamoja na daftari na kitambaa chekundu cha kuonyesha upepo.

Kibali kilifika mwezi wa pili mwaka 1956. Ajenti alipanda kilima mwenyewe kukileta, akipenga kamasi, na Édouard alikisoma chini ya ngazi. Hubert alikuwa amesamehewa. Aliruhusiwa kuishi na kutembea katika ardhi yote ya Masisi, isipokuwa penye machimbo, penye misitu ya akiba, na penye ardhi ya serikali, vikiwemo viwanja vya ndege.

Watu walisikiliza kitambaa chekundu kikipigwa na upepo.

"Anaweza kuruka akatua pengine," alisema Ajenti, kisha akatazama vilima pande zote na kuona mwenyewe kwamba hakuna pengine.

Gustave, aliyekuwa amerudi kutoka msituni, aliuliza kuhusu ubao mrefu, kutoka kwenye kiti hadi nje ya mpaka, mtu apite juu kwa juu. Édouard alifunua kitabu chake. Alitafuta kwa moyo wote. Lazima isemwe hivyo, alitafuta mpaka jasho likamtoka. Hewa ya juu ya kiwanja nayo ilikuwa ya serikali, hadi mita mia tatu.

"Na mule mu ndege?" aliuliza Hubert.

"Mule unaweza kukaa, Papa. Mule iko mu ndege."

Euphrasie alikasirika. Alikasirika kwa haki, mbele ya wote, na akamwambia Ajenti maneno ambayo Édouard hakuyatafsiri, ingawa Ajenti alikielewa Kiswahili vizuri. Ajenti aliyapokea kofia mkononi. Baadaye alimtumia Hubert ile ndege ndogo, iwe zawadi, na Hubert aliining'iniza mbele yake kwa uzi. Ofisi haikubadilisha kitu.

Amri iliyofuata ilisema kiwanja kifyekwe. Kijiji kilikuwa na siku zake za kazi ya lazima kila mwaka, na kufyeka kiwanja kuliangukia nyumba iliyo karibu zaidi, nayo ilikuwa ya Euphrasie. Hivyo alirudi shambani kwake akiwa na panga badala ya jembe, akafyeka majani mahali alipokuwa akipanda maharagwe. Hubert, juu kwenye kiti, alimwonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na mawe, asije akaharibu makali. Maharagwe machache yaliyojiotea pembezoni mwa kiwanja aliyafyeka pia, kwa kuwa Sebahire alikuwa akitazama.

Jioni alipanda ngazi na chakula. Wakati wa mvua udongo wa pale hushika, na Euphrasie, mwanamke aliyenawa miguu kabla ya kuingia hata kwenye kibanda cha kuku, aliacha kunawa. Alipanda na miguu yake ilivyo. Wakila, aliikwangua polepole kwa kijiti juu ya sakafu ya ndege, chini ya kiti, kwenye lile tumbo la muvure alilolikomba kaka yake. Kila jioni udongo uliongezeka kiasi cha kijiko. Sebahire aliiona miguu ile ikipanda michafu na kushuka safi. Daftari lake lilikuwa na safu ya ndege na safu ya rubani. Safu ya miguu ya mwanamke halikuwa nayo, naye hakuichora.

Ndege haikunywa hewa tena. Juu ya bawa la kushoto ndege wa kweli walijenga. Kule Walikale Léopold aliuliza wapitanjia kama mti wake ulifika, wakamwambia umefika.

Kufikia Noeli ya mwaka 1957, udongo chini ya kiti ulikuwa umefikia unene wa vidole viwili na upana wa sahani. Euphrasie aliusawazisha kwa kiganja. Hubert alivua kiatu cha kulia na kuweka kisigino juu yake. Mguu mzima haukuenea. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia, mkono wake kwenye bega la mkewe, na wote wawili walikuwa wanalia.

Chini, Sebahire aliwasha taa, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika kama kila jioni: ndege moja, rubani mmoja, hajashuka.